Kwa Nini Hukusogea, Kasiani

Kasiani, ndugu yangu,

Shehe wetu akijua ninachofanya sasa hivi atanikemea. Kwetu maiti huombewa dua, haandikiwi barua. Nyinyi kwenu mnawasomea misa, na sidhani kama padri wenu naye angeruhusu. Lakini wewe hukuweza kumaliza siku bila kuletewa habari za mjini, na hizi nilizo nazo sina mtu mwingine wa kumwambia. Ninaandika kwenye karatasi ya kaki, ile ninayokatia mifano ya nguo. Ukiona mistari ya chaki katikati ya maneno, ni suruali ya karani wa posta. Bado sijaimaliza.

Tangu tulipokuzika nina swali moja tu, limenikaa kooni kama mfupa wa samaki. Kwa nini hukusogea?

Wewe hukuona ilivyokuwa, maana ulikuwa umenipa mgongo, kwa hiyo nitakueleza. Tulikuwa tunatoka Goma, kwa yule Mbelgiji aliyekuwa anafunga vyombo arudi kwao. Santuri tulizonunua kwake ili tuuze zilikuwa nzuri, ulizifurahia, ukawa unaimba njia nzima. Tulikuwa tumekwisha vuka bariyeri ya mpakani na kushika barabara ya ziwani. Wewe mbele, mimi nyuma na kasha kichwani. Nikasikia honi. Nikashuka kwenye majani kama mtu yeyote. Honi ikalia tena, ndefu. Wewe ulikuwa katikati ya barabara, mikono umeifunga nyuma, unatembea kama mtu anayekagua shamba lake. Nikapiga kelele, "Kasiani, gari!" Nilipiga kelele mpaka kasha likaniponyoka na santuri zikamwagika chini. Hukugeuza hata shingo.

Dereva alilia. Mtu mzima mwenye ndevu, amekaa chini kwenye vumbi, analia. Akawa anarudia neno moja, "Nilijua atatoka. Kila mutu anatokaka." Alikanyaga breki wakati imekwisha kuwa kazi bure, na lori lilikuwa limejaa mbao. Halafu utingo wake akainama juu yako, akanusa, akasema neno lililokufuata mpaka kaburini. "Huyu alikuwa amelewa."

Na kweli ulinuka pombe. Mpishi wa Mbelgiji alikuwa amekupa urwagwa, na wewe pombe ya ndizi ya bure hukuwahi kuikataa. Lakini ulionja tu. Mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni nimekunja uso kama kawaida yangu, nikisubiri ushibe dhambi tuondoke. Niliwaambia watu, jamani, alionja tu. Wakaniuliza, basi kwa nini hakutoka barabarani? Nikarudia yale yale. Wakatikisa vichwa, wakaniona ninamfunika rafiki yangu, na kabla jua halijazama mji mzima ulikuwa unajua kwamba Kasiani wa santuri ameuawa na pombe.

Nilikukasirikia, wacha nikwambie. Wakati mwingine niliamini kama wao. Nikiwa kwenye cherehani nilikuwa nakuuliza kwa sauti, mpaka wateja wakaanza kunitazama vibaya. Honi ulisikia, sauti yangu ulisikia, ulikuwa unamwonyesha nani ubishi?

Habari nyingine ni hizi. Bariyeri imepakwa rangi mpya. Mvua imekuja mapema, na bati la kibaraza changu limetoboka pale pale ulipoahidi kuliziba. Binti yangu Zena ameposwa na kijana wa Bukavu, fundi wa magari, kijana mzuri, ila anakula kama watu watatu. Nilitamani uwepo siku ile walipokuja wazee wao, maana mimi nikiwa na wageni maneno hunikauka, na wewe ulikuwa unaweza kuongea mpaka chai ipoe. Nilikaa pale natabasamu kama sanamu. Mke wangu alinifinya mara kadhaa.

Mimi ninashona. Ninashona sana kuliko zamani, kwa sababu meza yetu ya santuri nimeifunika shuka. Watu wakipita kibarazani wananiuliza, "Fundi, disiki haziko?" Ninawajibu haziko. Uongo mtupu, ziko, zimejaa chini ya kitanda changu mpaka mke wangu analalamika kwamba analala juu ya duka. Sikuweza kuzipima. Hilo ndilo lililonishinda, na linaniaibisha hata kuliandika.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Sidhani kama kulikuwa na watu wengine ziwa zima waliokuwa na wazimu kama wetu. Wengine wananunua santuri kuukuu kwa Wazungu wanaohama, kwa mahoteli, kwa mabaharia, wanazipangusa kwa mkono wa shati na kuziuza siku hiyo hiyo. Sisi tulikuwa tunazipima kama watu wa dhahabu. Kwanza macho, na hayo yalikuwa yangu. Nashika santuri kwa ukingo, naiinamisha juani, natafuta rangi ya majivu kwenye mistari, kwa sababu hapo sindano imekwisha kula. Kisha naigonga kwa fundo la kidole kama mama anayechagua chungu sokoni. Nzima inalia, yenye ufa inanung'unika.

Mwisho ndiyo masikio, na hapo tulikuwa wawili. Sindano mpya, gramafoni katikati, wewe unatazama ukuta, mimi natazama barabara. Tulipeana migongo makusudi, ili sura ya mmoja isimharibu mwenzake. Wimbo ukiisha tunataja daraja kwa pamoja. Santuri safi mimi niliiita Idi, wewe ukaiita Noeli, na hakuna aliyekubali kubadili dini yake. Ya katikati ilikuwa siku ya soko. Mbovu ilikuwa sahani ya kuku, na kuku wa mkeo Verediana walikuwa wanakula juu yake kweli. Tukitofautiana haiuzwi, inarudi kashani mpaka siku nyingine.

Na watu walikuja kwa ajili ya masikio yako, hilo sina kinyongo nalo. Yule mwenye baa wa Goma, mwenye tumbo, alikuwa anavuka hapa na kusema kabla hata ya salamu, "Nipatie ile Kasiani amesikia." Hakuna aliyesema ile Ramazani amesikia. Mimi nilikuwa fundi cherehani anayejua kushika vitu kwa ukingo. Nililikubali hilo tangu mwanzo. Wewe uliishi melini, ulisikia gitaa za kila bandari ya ziwa hili, mimi nilisikia cherehani.

Kwa hiyo ulipoondoka nilidhani masikio yameondoka. Nilijaribu asubuhi moja. Nikatia sindano, nikakaa kwenye kigoda changu, wimbo ukapigwa mpaka mwisho. Nikasema "Idi" kwa sauti, kisha nikanyamaza kama mjinga, nasubiri. Nikajiuliza, ni Idi kweli? Nikaipiga tena, safari hii nikasikia mikwaruzo. Nikaipiga tena, sikusikia chochote, si mikwaruzo wala wimbo. Nilikuwa nasikia tu kile kigoda chako kilivyo kitupu. Ndipo nikachukua shuka.

Kulikuwa na jambo la pili lililoniuma, na hilo ni Verediana wako. Baada ya mazishi nilipanda kilimani kwenu Nengo na unga na sukari. Akapokea mlangoni, akasema asante, hakunikaribisha ndani. Nikasema moyoni, ni msiba. Nikamkuta sokoni anakouza samaki, akavuta kitenge chake usoni akapita. Nikajua ana neno na mimi. Neno gani, sikujua. Nilisikia tu wanawake wa parokia wanavyomsema, kwamba ni mjane wa mlevi, kwamba alimzoesha mumewe vibaya, kwamba mke wa maana angemfungia mlango. Hata samaki wake walikuwa wanarukwa, watu wananunua kwa jirani yake. Mimi niliyekuwepo siku ile ndiye ningeweza kuwanyamazisha, na mimi ndiye sikuwa na neno.

Juzi asubuhi akaja. Amebeba gramafoni yako ya nyumbani kichwani, ile ya sanduku, na kikapu cha santuri zako mkononi. Hakukaa. Alisema, "Shemeji, mi narudi kwetu Kibuye, kwa kaka. Watu ya hapa wamenichosha. Pima hii vitu, uziuze."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Si kwa kuondoka kwake, bali kwa kupata kazi ya kufanya mbele yake, maana mimi bila kazi mikononi sijui kukaa na mtu mwenye huzuni. Nikasema nitaipima vizuri, bila upendeleo, kama ambavyo wewe mwenyewe ungetaka. Nikazungusha mpini, springi nzima. Nikaangalia mkono wa sindano, mzima. Nikapitisha kidole kwenye mbao pande zote. Kwenye ukingo wa mbele kidole kikakwama. Mbao ilikuwa imetafunwa. Rangi imetoka, alama ndogo ndogo nyingi, zimelaliana. Na unajua mimi na wewe tulivyokuwa hatuna msamaha na panya, sanduku lililoguswa na panya linashuka daraja pale pale, na hakuna ubishi.

Nikasema, "Shemeji, hapa panya wamekula. Itashuka kidogo."

Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. "Panya? Ile si panya. Ile ni meno ya bwana yangu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, kwamba ameanza kupoa. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye kigoda chako bila kuuliza, akaweka mkono juu ya ule ukingo.

"Alikuwa anauma mbao ndio asikie," akasema. "Masikio yake ilikufa, shemeji. Ya kuume ilianza, na ile ingine ikafuata. Si we ulijua?"

Nikamwambia sikujua.

"We haukujuaka? Kila siku muko wote, na haukujuaka?"

Nikamwambia tena. Na hapo, Kasiani, Verediana ambaye hakulia hata kaburini alilia kibarazani kwangu, mbele ya watu waliokuja kupimwa nguo. Alikuwa anadhani siku zote kwamba mimi najua. Nani angedhani vingine? "Mi nilikuwa nasema, huyu anajua mwenzake hasikie, na alimuacha vipi atembee katikati ya njia? Nilikuchukia, shemeji. Kila siku nilikuchukia."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningenichukia zaidi.

Akanieleza yote. Kwamba ulianza kupotewa na sauti melini, kwa sababu ya kulala na kuamka karibu na mashine, na ndiyo maana uliacha kazi, si kwa sababu ya kuchoka na kapteni kama ulivyoniambia. Kwamba baadaye ikazidi, na sauti ya mtu ikawa haikufikii isipokuwa unamwona mdomo. Kwamba jioni ulikuwa unafunga mlango, unaweka santuri, unapiga magoti sakafuni kama mtu anayesali, unauma ukingo wa sanduku na kufumba macho. Muziki ulikuwa unapita kwenye meno. Alisema ulikuwa unatabasamu na mbao mdomoni, na yeye akipita nyuma yako na sufuria hujui kama kuna mtu.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema ulimwapisha asiseme kwa yeyote. Akasema, "Alikuwa anasema, Ramazani akijua, atatafuta sikio ingine."

Sikio jingine!

Hapo nilisimama nikaenda mpaka barabarani nikarudi, maana ningebaki nimekaa ningevunja kitu. Sikio jingine ningelitoa wapi? Katika mji huu nani mwingine angekaa na mimi kutwa nzima, avumilie kikohozi changu na kununa kwangu, agombane nami juu ya Idi na Noeli na kesho arudi? Ulidhani nimekaa pale kwa ajili ya masikio yako? Wewe mtu mwerevu kiasi kile, uliyekuwa unajua bei ya kila kitu kutoka hapa mpaka Bukavu, hilo hukulijua? Sikuwahi kukuambia, sawa. Wanaume wa kwetu hawaambiani mambo hayo. Lakini nilikuwa nakushonea mashati bila kupimwa, kwa sababu mabega yako nayajua kwa macho. Hilo ulidhani ni nini?

Kisha mambo yakaanza kurudi moja moja, kama nguo ninayoipindua nione mshono wa ndani. Ile siku uliyogeuza kigoda chako. Ulisema, "Mi nimechoka na ukuta, Ramazani. Nataka kuona ile sura yako mubaya." Nilikataa, nikasema tutaharibu kipimo, ukanibembeleza kama mtoto anayetaka sukari, na kwa kweli ukuta ule ni mbaya, nikakubali. Tangu siku ile hatukutofautiana tena. Hata mara moja. Nilijivuna nyumbani, nikamwambia mke wangu, mimi na Kasiani tumekaa pamoja mpaka masikio yetu yamekuwa mamoja. Kumbe ulikuwa unanisoma usoni. Mimi sura yangu haifichi kitu, kila mtu analijua hilo. Santuri ikikwaruza mdomo wangu unapinda wenyewe. Wewe ulikuwa unasubiri kidogo, unaona mdomo umekaa vipi, ndipo unasema "Noeli."

Na yale maneno mengi. Ulikuwa unaongea bila kupumua, na mimi nilidhani ni ucheshi wako umeongezeka. Mtu anayeongea yeye haulizwi kitu. Na lile neno lako, "Rudia, hiyo nataka kuisikia mara mbili," lililokuwa linanifanya nijione mchekeshaji mkubwa. Na ile siku sokoni nilipokuita kwa nyuma, ukapita kama hunijui. Ulikuwa umevaa viatu vipya vya Bukavu. Nilikununia kwa ajili ya vile viatu, nikasema Kasiani ameanza maringo. Na giza likianza kuingia ulikuwa unaaga haraka, mimi nakutania mbele ya watu kwamba unamwogopa mkeo. Gizani midomo haionekani, ndugu yangu. Sasa naelewa.

Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa napima peke yangu, na sikujua. Na wewe ulikuwa umekaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane, uko peke yako vilevile, unatazama mdomo wangu.

Verediana alipoondoka aliniachia gramafoni na kikapu. Mchana ule nilifunga mlango wa chumba cha kukatia. Nikaziba masikio kwa pamba ya kujazia mabega ya koti, nikaiziba hasa, mpaka nikawa sisikii hata mtaa. Nikaweka moja ya santuri zako, nikapiga magoti, mimi na magoti yangu haya, nikauma pale pale ulipouma wewe. Inasikika, Kasiani. Gitaa linasikika ndani ya fuvu, dogo, kama watu wanaoimba nyumba ya pili na mlango umefungwa. Niliuma mpaka wimbo ukaisha. Nililia na mbao mdomoni, na mate yote, ungeniona ungecheka mpaka kesho.

Sasa nilikuwa nalo jibu la kuwapa watu, na sikujua kama nina ruhusa ya kulitoa. Wewe ulilificha. Nikisema hukulewa bali ulikuwa husikii, nitakuwa nimekuondolea pombe na kukuondolea masikio kwa mkono huo huo, na masikio ndiyo yalikuwa jina lako. Watasema waliuziwa santuri na kiziwi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Jana nikapanda Nengo kumuuliza Verediana. Safari hii alinikaribisha ndani, akanipa chai. Nikamwambia shida yangu. Akasema, "Kiapo, mi ndio niliapa. We haukuapa kitu."

Leo ilikuwa siku ya soko. Niliondoa shuka asubuhi, nikapanga meza kama zamani, na katikati nikaweka gramafoni yako, ule ukingo uliotafunwa ukiwaelekea watu. Wakaja, kwanza mmoja mmoja, kisha wakajazana, maana walikuwa na njaa ya santuri. Mwenye baa wa Goma naye akaja na tumbo lake. Mimi si msemaji, unanijua. Nikawaambia, hizi mnazoona ni alama za meno ya Kasiani, alikuwa anasikia muziki kwa meno kwa sababu masikio yalikuwa yamekufa, na siku ile honi haikumfikia wala sauti yangu haikumfikia, na yeyote aliyesema alikuwa amelewa amemsema marehemu uongo.

Kijana mmoja akacheka, "Kumbe kiziwi ndiye alikuwa anatuuzia disiki!" Wengine wakamkata jicho, lakini na wao nilijua wanafikiri hivyo hivyo. Mwenye baa akapitisha kidole kwenye zile alama, polepole, akaniuliza, "Sasa nani alikuwa anasikia?"

"Mimi," nikasema.

"We peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Akanitazama kama fundi mgeni aliyefika mjini leo. Akarudisha mezani ile santuri aliyokuwa ameishika, akaenda zake bila kununua. Na wengine wakamfuata. Sikuuza kitu mpaka adhuhuri.

Lakini wanawake wa samaki walikuja. Walikuja wawili wawili, wanagusa ule ukingo, wanasema "Yesu wangu," wanaondoka. Baadaye nikamwona Verediana na beseni lake, na watu wamemzunguka wananunua, na mmoja wa wale waliokuwa wanamsema vibaya kuliko wote amemshikia mwavuli. Masanduku yake bado yamefungwa. Hajaniambia kama anakwenda au anabaki, nami sikumuuliza.

Na kulipopungua watu akaja yule dereva. Sijui nani alimpelekea habari. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, kisha akasogea. "Honi hakusikia?" akaniuliza. Nikamwambia hukusikia. "Na we ulimuita?" Nikamwambia nilikuita, hilo nalo hukulisikia. "Bon," akasema, yaani haya. Akakaa kwenye kigoda chako. "Bon," akasema tena. Akawa anatazama mikono yake. Nikaona mfuko wa koti lake umechanika, nikamwambia alivue, nikalishona. Sikujua kitu kingine cha kumfanyia. Alipoondoka alinishika mkono, na mimi nikamshika.

Sasa chaki na wino vimechanganyika na karatasi inaisha, nikuage. Kesho nitaanza kuzitoa zilizo chini ya kitanda, nitazipima na kutaja daraja la kila moja kwa sauti yangu pekee, anayeniamini atanunua na asiyeniamini akanunue kwa wale wa kupangusa kwa shati. Na nakuahidi jambo hili, nikiwa na akili zangu. Popote nitakaposikia mtu anasema Kasiani alikufa kwa pombe, iwe sokoni, iwe melini, iwe kwenye harusi ya Zena mbele ya wakwe, nitasimama nimkatize. Wewe lala, jina lako niachie mimi.

Pumzika, ndugu yangu. Hasira zangu usidhani zimekwisha, nazishusha kidogo kidogo. Ungeniambia tu. Nisingetafuta sikio jingine. Ningebadilisha upande wa kutembea, basi, wewe penye majani, mimi upande wa magari.

Ramazani